"Surprised", "amazed", "shocked" au "startled": uchague lipi?

Meneja anafungua barua pepe ya mtu aliyeitwa kwenye usaili. Sentensi ya kwanza inasema: "I was shocked to receive your invitation." Mwandishi alitaka kusema hakutegemea kuitwa na amefurahi. Aliyeizoea lugha ya Kiingereza anasoma jambo jingine: kwamba mwaliko ule umemuudhi, kana kwamba kuitwa kazini ni kashfa. Sarufi haina kasoro, tahajia haina kasoro. Kilichokwenda mrama ni kivumishi kimoja, na makosa ya namna hii ndiyo magumu kuyagundua, kwa sababu sentensi yenyewe ni halali kabisa na hakuna mstari mwekundu utakaojitokeza chini yake.

Kwa Kiswahili hatupati shida hiyo. Tuna kushangaa, kustaajabu, kushtuka, kuduwaa, kupigwa na butwaa, kushikwa na bumbuwazi, na kila moja linakuja lenyewe mahali pake. Tukihamia Kiingereza ndipo tunapoanza kubahatisha. Wengi tulifundishwa kama ngazi: "surprised" ni mshangao mdogo, "amazed" ni mkubwa, "astonished" ni mkubwa zaidi, na "shocked" uko juu kabisa. Ngazi hiyo ina chembe ya ukweli, lakini ndiyo hasa iliyomponza mwandishi wa barua pepe. Alishangaa sana, akapanda hadi juu, akafikia neno baya. Maneno haya yanatofautiana kwa aina kabla ya kutofautiana kwa kiasi. Kwa hiyo usianze kwa kujiuliza umeshangaa kiasi gani. Jiulize kwanza ni nini kilichoguswa: matarajio yako, mwili wako, dhamiri yako, au uwezo wako wa kuamini unachokiona.

"Surprised": pa kuanzia, na mara nyingi pa kuishia

"Surprised" ni neno la matarajio. Ulidhani hivi, ikawa vile. Halisemi kama kilichotokea ni kizuri au kibaya, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. "I was surprised by the results" inaweza kuandikwa na aliyefaulu na aliyefeli. Ukitaka msomaji ajue upande uliopo, unaongeza neno: "pleasantly surprised" kwa jambo lililokufurahisha, "unpleasantly surprised" kwa lililokukera.

Hili linahitaji kukaziwa kwa sababu ya neno sapraizi, ambalo tumelikopa na kulipunguza. Tukisema mtu kafanyiwa sapraizi, tunawaza zawadi, keki, marafiki waliojificha nyuma ya mlango. Kwa Kiingereza neno hilohilo linabeba pia ankara usiyoitarajia, ugonjwa, na jeshi linalovamia usiku. Ukisoma "The decision came as a surprise", usikimbilie kudhani kuna aliyefurahi.

Asili ya neno inasaidia kulielewa. Limetoka Kifaransa cha kale, katika kitenzi chenye maana ya kumwahi mtu, kumkamata kabla hajajiandaa. Kwa karne nyingi "surprise" ilikaribia sana kufumania au kushtukiza kwetu. Kuna kisa ambacho wapenda lugha ya Kiingereza hawachoki kukisimulia, wengine wakimtwisha Noah Webster, mtunzi wa kamusi kubwa ya Marekani ya mwaka 1828, na wengine Samuel Johnson wa Uingereza. Mke anamfumania mumewe akimbusu mtumishi wa nyumbani, anapiga kelele kwamba yeye ni "surprised". Mume, mtu wa kamusi hadi mwisho, anamsahihisha: la hasha mke wangu, mimi ndiye "surprised", wewe ni "astonished". Hakuna uthibitisho kwamba kisa hiki kiliwahi kutokea, lakini maana yake ni sahihi kwa Kiingereza cha zamani: "surprised" ni aliyefumaniwa, "astonished" ni aliyeduwaa kwa alichokiona. Leo mke angekuwa sahihi kwa maneno yote mawili.

Mabaki ya maana hiyo ya kale bado yapo, nayo yanafanana na Kiswahili kwa namna ya kupendeza. Ziara ya kushtukiza ni "a surprise visit". Mtihani wa kushtukiza ni "a surprise test". Shambulio la kushtukiza ni "a surprise attack". Angalia kwamba hapo neno halina "-ed" wala "-ing". "A surprising visit" ni ziara ambayo watu wameistaajabia, pengine kwa sababu waliotembeleana ni mahasimu, hata kama ilitangazwa mwezi mzima kabla. "A surprise visit" ni ile isiyotangazwa. Na "a surprised visit" haipo, kwa sababu ziara haina moyo wa kushangaa.

"Surprised" na "surprising", na mtego wa viambishi vyetu

Hapa ndipo penye makosa mengi zaidi, na chanzo chake ni Kiswahili chetu wenyewe. Kwetu kushangaa ni kitenzi. Kinabeba wakati: ninashangaa, nimeshangaa, nilishangaa. Kiingereza kinakifanya kivumishi, kisha kinakiegemeza kwenye kitenzi "be". Mtu akihamisha kiambishi kwa kiambishi, matokeo ni haya:

Ninashangaa, anaandika "I am surprising". Amesema yeye ni mtu wa kushangaza.

Nimeshangaa kukuona, anaandika "I have surprised to see you". Amechanganya nimeshangaza na nimeshangaa, na sentensi imevunjika katikati.

Nilishangaa, anaandika "I surprised". Msikilizaji anasubiri: ulimshangaza nani?

Dawa ni kwamba wakati unakaa kwenye "be", na "surprised" haibadiliki: "I am surprised", "I was surprised", "I will be surprised". Kwa nimeshangaa ya sasa hivi, pale unapofungua mlango na kumkuta rafiki, Kiingereza kinataka "I'm surprised to see you", ingawa ukisimulia baadaye utasema "I was surprised".

Kuhusu "-ed" na "-ing", Kiswahili kinakupa kipimo kizuri kuliko maelezo mengi ya vitabu. Tafuta "z" ya kauli ya kutendesha. Kama Kiswahili chako kinasema -a kushangaza, chukua "surprising". Kama kinasema aliyeshangaa, chukua "surprised". Habari za kushangaza ni "surprising news". Wazazi walioshangaa ni "surprised parents". Kipimo hicho hakiishii hapa, hata pale umbo la kutendesha lisipokuwa na "z": kinafanya kazi kwa kustaajabu na kustaajabisha, kushtuka na kushtua, hata kuchoka na kuchosha, ambapo aliyechoka ni "tired" na kazi inayochosha ni "tiring".

Kuna mahali pamoja ambapo kipimo kinahitaji msaada. Uso, sauti na macho havishangai vyenyewe, lakini vinaonyesha mshangao wa mwenye navyo, kwa hiyo vinachukua "-ed": "a surprised look", "a surprised voice". Ukiandika "a surprising look" umesema muonekano wake uliwashangaza wengine.

"Surprised" na "startled": akili na mwili

Mlango umebamizwa nyuma yako, ukaruka. Mtu amekugusa bega ukidhani uko peke yako. Hapo Kiswahili kinasema nimeshtuka, nawe usikimbilie "shocked". Neno ni "startled". Asili yake ya Kiingereza cha kale ilihusu kurusha miguu na kuhangaika, na hadi leo ni neno la misuli: kope zinafumba, mabega yanapanda, pumzi inakatika.

Wanasaikolojia wameitenganisha hali hii na mshangao kwa ushahidi ninaoupenda sana. Mwaka 1985 Paul Ekman, Wallace Friesen na Ronald Simons walichapisha utafiti ambamo watu walifyatuliwa bastola isiyo na risasi karibu yao. Baadhi ya nyakati hawakujua itafyatuliwa lini, nyakati nyingine mlio ulitanguliwa na hesabu ya kurudi nyuma. Kujua mapema kulipunguza mruko lakini hakukuuondoa, na hata walioombwa wajizuie hawakuweza kuufuta kabisa. Mshangao wa kawaida hauko hivyo. Ukishaambiwa rafiki yako yuko nyuma ya mlango, hushangai tena. Hata uso unatofautiana: anayeruka kwa kishindo hufumba macho, anayeshangaa huyapanua na kuinua nyusi.

Basi chukua hicho kama kipimo cha kuchagua. Jiulize: kama ningejua mapema, ningeruka bado? Ukijibu ndiyo, andika "startled". Ukijibu hapana, andika "surprised". Na kwa kuwa "startled" ni ya papo hapo, haidumu. Unaweza kuwa "surprised" kwa juma zima ukilitafakari jambo, lakini "startled for a week" haisomeki.

Neno lina matumizi ya pembeni pia. "A startling discovery" ni ugunduzi unaomzindua mtu kama aliyekuwa amesinzia. Mwili umebaki katika picha, ila sasa aliyeruka ni akili.

"Surprised" na "shocked": hapa usicheze

Kama kuna jozi moja ya kuijua vizuri kuliko zote, ni hii. "Shocked" inasema matarajio yamevunjika na kitu kimeumia: dhamiri, heshima, usalama, upendo. Neno liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa, likibeba picha ya vitu viwili vinavyogongana kwa nguvu, hasa majeshi yanapokutana. Pigo hilo halijaondoka ndani yake.

Linganisha sentensi hizi mbili kutoka kwa mwalimu akizungumzia mwanafunzi yuleyule:

"I was surprised by her answer."

"I was shocked by her answer."

Katika ya kwanza, huenda mwanafunzi ametoa jibu la akili ambalo mwalimu hakulitegemea. Katika ya pili, mwanafunzi ametukana, au amesema jambo la kutisha kuhusu nyumbani kwao, au ameonyesha kutojua kitu ambacho kila mtu alidhani anakijua. Mzazi anayesoma sentensi ya pili atampigia simu mwalimu siku hiyohiyo.

Tatizo letu ni kwamba kushtuka kwa Kiswahili kunabeba mizigo miwili. Nilishtuka niliposikia mlio ni "startled". Nilishtuka niliposikia amefariki ni "shocked". Kwa hiyo kila ukiwaza kushtuka, simama kidogo na uulize kama ni sauti au ni habari. Katika rambirambi neno hili linakubaliana nasi bila shida: pale tunapoandika tumepokea kwa mshtuko na masikitiko, wao huandika "shocked and saddened", na hakuna atakayeona umetia chumvi. "Surprised" hapo ingekuwa baridi mno, karibu na ukatili. Hebu fikiria mfiwa akisoma kwamba "ulishangaa" kusikia kifo cha mama yake. Hilo ni kosa la upande wa pili, nalo linaumiza kuliko kutia chumvi.

Tahadhari na mshtuko kama nomino. Mshtuko wa umeme ni "electric shock", sawa. Lakini mshtuko wa moyo ni "heart attack", na ukimwambia daktari "heart shock" hatakuelewa. Tena kuna "in shock", ambayo kwa daktari ni hali ya hatari ambapo mzunguko wa damu umeshuka kiasi kwamba viungo havipati damu ya kutosha. Katika mazungumzo ya kawaida watu husema "I'm still in shock" wakimaanisha bado hawajapona na habari, na ni sahihi. Ukiwa unapiga simu ya dharura, usiitumie kwa mtu aliyeshtuka tu.

Utawasikia vijana wakisema "I was shocked, it was so good!" Katika maongezi ya kirafiki inapita, kwa sababu sauti na uso vinafasiri. Kwenye maandishi hakuna sauti wala uso. Kwa barua ya kazi, maombi ya masomo, au ujumbe kwa mtu usiyemjua, mshangao mzuri uandike "pleasantly surprised", au "delighted", yaani umefurahi sana, na uachane kabisa na "shocked".

"Amazed", "astonished", "astounded", "stunned"

Haya manne yanakaa karibu sana na ndiyo yanayofanana na ngazi kuliko mengine. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu jinsi binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia, aliieleza safari hiyo: uangalifu wa ghafla hugeuka kuwa mshangao, mshangao ukawa mastaajabu, na mastaajabu yakaishia kwenye kuduwaa kunakomfanya mtu apumbae. Kwa Kiingereza chake hatua hizo ni "surprise", "astonishment", "amazement". Ila Kiingereza hakijatulia mahali alipokiacha. "Amazement" yake ilikuwa ya mtu aliyepumbaa. "Amazed" ya leo imejaa furaha.

"Amazed" iligeuka kweli. Ni ndugu wa "maze", yaani njia zenye mzingo zinazompoteza mtu, na zamani aliyekuwa "amazed" alikuwa amechanganyikiwa. Sasa hivi, ukiiandika bila maelezo, msomaji anahisi sifa: umeona ustadi, uzuri, ukarimu. "I was amazed by her patience." Hapa ndipo kustaajabu kwetu kunakaa vizuri. Bado linaweza kupinduka likawa lawama, hasa likifuatwa na "that": "I'm amazed that he still has a job" si sifa hata kidogo. Lakini bila ishara ya namna hiyo, lichukulie kuwa zuri.

"Astonished" halina upande, kama "surprised", ila linadai zaidi. Linasema hata baada ya kuona, bado huamini. Ni neno la maandishi kuliko la mdomo, na ninalipenda kwa sababu halijachakazwa. Limetokana na mzizi wa Kilatini wa ngurumo, na "astounded" na "stunned" zimetoka humohumo. Kwa hiyo tunaposema mtu alisimama kama aliyepigwa na radi, tumeifikia picha ileile kwa njia yetu. Tafsiri ya Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 bado ina umbo la kale, "astonied", ukikutana nalo usidhani ni kosa la uchapaji.

"Astounded" ni "astonished" iliyoongezwa uzito. Sioni sababu ya kuihangaikia sana. Ukiwa na "astonished" mkononi, hutakosa kitu.

"Stunned" ndilo la kujifunza kwa makini. Linasema mshangao umemnyima mtu uwezo wa kutenda: hasemi, hasogei. Kupigwa na butwaa ndiko huku. "Stunned silence" ni ule ukimya wa ukumbi mzima baada ya tangazo ambalo hakuna aliyelitegemea. Linafaa kwa mema na mabaya, kwa aliyeshinda na aliyefukuzwa, mradi alibaki mdomo wazi. Mtu aliyepigwa kichwani akapoteza fahamu kwa muda naye ni "stunned", kwa maana ya kimwili.

Ukikutana na "flabbergasted" au "gobsmacked", fahamu tu kwamba ni maneno ya maongezi. Ya pili ni ya Waingereza hasa, na inatokana na "gob", mdomo kwa lugha ya mtaani, na "smack", kofi. Yafurahie ukiyasikia, usiyaandike kwenye ripoti.

Ukibadilisha "-ed" kuwa "-ing", baadhi yanakutoroka

Ungetegemea kila "-ing" iwe na maana ya kinachosababisha ile "-ed". Kwa "surprising" na "astonishing" ni kweli. Kwa mengine si hivyo, na kamusi ndogo hazikuonyi.

"Amazing" imekuwa neno la sifa tu: nzuri sana, safi kabisa. Imesemwa mno hadi mshangao umetoka ndani yake. Filamu "amazing" huenda haikumshangaza mtu yeyote, iliwafurahisha tu.

"Stunning" ni uzuri wa kuvutia macho. Aliyekuwa "stunned" kwa kufiwa hakupata habari "stunning" kwa maana hiyo. Utaona magazeti yakiandika "a stunning defeat", kipigo kilichowaduwaza watu, kwa hiyo maana ya zamani ipo, lakini ukimwambia mtu "you look stunning" umemsifu urembo. Usiihamishie kwenye rambirambi.

"Shocking" ni mbaya ya kuchukiza, na katika maongezi ya Waingereza hali ya hewa tu inaweza kuwa "shocking", yaani mbaya mno, bila mtu kushtuka.

Kihusishi gani kifuate

"Surprised" hufuatwa na "at" au "by". Tofauti ni nyembamba: "by" inaelekeza macho kwenye kilichokushangaza, "at" inayabakiza kwenye hali yako. Ukibabaika, "by" haitakuangusha. "Surprised of" haipo, ingawa utaiona mara nyingi kwenye maandishi ya wanaojifunza. "Amazed", "shocked" na "astonished" zinakubali vyote viwili. "Startled" na "stunned" zinapenda "by".

"With" ina kazi yake na si badala ya "by". "They surprised her with a gift" maana yake walimshtukiza kwa zawadi. "She was surprised by the gift" maana yake zawadi yenyewe ilimshangaza, labda kwa ukubwa wake.

Kabla ya kitenzi weka "to", na mara nyingi kitakuwa kitenzi cha kupata habari: "surprised to see", "to hear", "to find", "to learn". Kabla ya kishazi kizima weka "that", ambayo katika maongezi huachwa: "I'm surprised you came."

"Very" au "absolutely"

"Surprised" inapimika. Unaweza kuwa "a bit surprised", "rather surprised", "very surprised". "Amazed", "astonished" na "stunned" tayari ziko kileleni, kwa hiyo "very astonished" inasikika vibaya. Tumia "absolutely" au "completely", au usiongeze kitu. "Shocked" inakubali pande zote mbili: "very shocked" na "absolutely shocked" zote zinasomeka.

Neno dogo la kuliogopa ni "quite". Kwa Mwingereza, "quite surprised" mara nyingi ni kushangaa kiasi, wakati "quite astonished" ni kuduwaa kabisa. Neno moja, vipimo viwili, kutegemea kivumishi kinachofuata. Katika barua rasmi mimi hulikwepa.

Mshangao unapokuwa karipio

Hapa Kiswahili na Kiingereza vinapeana mkono. Mama akimwambia mwanawe nakushangaa, mtoto anajua amekosea. "I'm surprised at you" inafanya kazi ileile, kwa sauti ileile ya kukatishwa tamaa na mtu uliyemtegemea. Usimwambie mtu hivyo ukitaka kumsifu kwamba amekuzidi matarajio. Kumsifu, sema "You surprised me", na hata hapo ongeza neno la furaha ili lisielee.

Karipio hilo linajificha pia kwenye barua za kazi. "I am surprised that I have not received a reply" inaonekana kama taarifa ya kawaida ya hisia. Mpokeaji anaisoma kama lawama iliyovaa adabu: ulipaswa kunijibu. Huenda ndicho unachokitaka, na kama ndicho, ni chombo kizuri, kwa sababu unalalamika bila kutukana. Kama unataka kuuliza tu, itoe "surprised" na uulize moja kwa moja kama ujumbe wako ulifika. Na ukipandisha hadi "I am shocked that I have not received a reply", jua umeanzisha ugomvi.

Kwa upande mwingine, "I wouldn't be surprised if" ni laini na haina lawama. Ni sitashangaa yetu: "I wouldn't be surprised if it rained", sitashangaa ikinyesha. Kiingereza kinapenda kurudisha kitenzi nyuma hapo, "rained" badala ya "rains", japo jambo lenyewe ni la kesho.

Kushangaa kwetu kuna maana moja zaidi ambayo "surprised" haiifikii. Ukimkuta mtu amekukodolea macho ukamuuliza unashangaa nini, humuulizi habari za matarajio yake. Unamuuliza anatazama nini, na kwa Kiingereza hiyo ni "What are you staring at?" Vivyo hivyo anayezunguka mjini akishangaa-shangaa ni "gaping" au "wandering around", na hakuna hata kimoja kati ya vivumishi vyetu vyote kinachomfaa.

Tahajia nayo ina tundu lake. "Surprised" ina "r" mbili, na ya kwanza hudondoka kwa sababu wazungumzaji wengi wa Kiingereza chenyewe hawaitamki. Ndiyo maana "suprised" imejaa kila mahali. Na ingawa Wamarekani huandika "realize" kwa "z" pale Waingereza wengi wanapoandika "realise", kwa neno hili pande zote mbili zinakubaliana: ni "s". Umbo "surprized" lilikuwapo zamani, utalikuta kwenye vitabu vikongwe, lakini leo msomaji yeyote atalihesabu kuwa kosa.